"Umeiba?" "Umeiba": kisa cha kijana mwenye usonji aliyetimiza miaka 18

Saa kumi jioni, siku ya Jumanne, nilipigiwa simu na mama ambaye mwanawe nilimfundisha miaka tisa katika kitengo cha elimu maalumu hapa Tanga. Hakunisalimu, naye ni mtu asiyeacha salamu. Alisema, "Mwalimu, wamempiga mwanangu, wanasema kaiba baiskeli," kisha sikusikia tena ila kelele za watu.

Nilipofika Ngamiani, humu humu mjini, nilimkuta mwanawe amekaa chini kwenye baraza ya duka, nyusi imepasuka, shati limechanika begani, ameziba masikio kwa viganja. Mwendesha bodaboda mmoja anayemfahamu mama yake ndiye aliyejitupa katikati na kuwazuia watu. Bila yeye, leo ningekuwa naandika habari za msiba.

Nilivyokusanya maelezo baadaye, mambo yalikwenda hivi. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa nje ya duka. Kijana akapita, akachuchumaa, akanyanyua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kulizungusha kwa mkono wa pili, uso wake karibu ugusane na spoki. Mwenye baiskeli akatoka na kuuliza kwa ukali, "We! Umeiba?" Kijana akajibu, "Umeiba." "Umeiba wewe?" "Umeiba wewe." Mtu mwingine akasema haya, amekiri mwenyewe. Kofi la kwanza lilipotua akaanza kupiga kelele, "Usiguse! Usiguse!" Neno hilo ndilo tulilomwambia sisi walimu wake na jamaa zake maisha yake yote, kila aliposhika kitu kisicho chake. Watu wakasikia mwizi anatoa amri.

Kijana huyu ana usonji, yaani ubongo wake umekua kwa namna tofauti tangu utotoni, hasa katika kuwasiliana na wengine. Watu wengi wenye usonji huongea kwa kurudia waliyoambiwa. Mtoto akiulizwa "unataka chai?" hujibu "unataka chai", na mama yake anajua hiyo ni ndiyo. Darasani kwangu hilo halikuwa tatizo hata siku moja, kwa kuwa sote tulikuwa tukimwelewa. Na hapo ndipo nilipokosea mimi: kueleweka kwake kulikuwa kumeishia kwenye uzio wa shule na ukuta wa nyumba yao.

Sitamtaja jina, wala mtaa wao. Mama yake ameridhia niandike. Kijana mwenyewe nilimwonyesha picha zake tulizopiga pamoja, nikamwambia nitawasimulia watu habari za baiskeli. Alichagua tatu, zote za magurudumu, akazirudisha mkononi mwangu. Nimechukua kwamba hiyo ni ruhusa, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili familia isijulikane.

Tuanze na siku aliyoondoka shuleni, miezi mitano kabla ya kipigo. Wanaofahamu vitengo wanajua ilivyo: kitengo kiko ndani ya shule ya msingi, na mwanafunzi asiyefanya mtihani wa darasa la saba hana darasa la nane la kwenda. Wengi hukaa mpaka ndevu zinaota. Huyu alikuja kwangu akiwa na miaka tisa na akaondoka akiwa na 18, mrefu kunizidi. Tulimfanyia sherehe ndogo, soda na keki, akapewa cheti cha kuhudhuria. Mama yake alilia, nikadhani ni furaha. Aliponiaga getini aliniuliza swali moja: "Mwalimu, kesho asubuhi nimvalishe nini?"

Sikulielewa swali lile. Kwa miaka tisa kijana aliamka saa kumi na mbili, akavaa sare, akala, akashika mfuko, akatoka. Sare ndiyo iliyomwambia kwamba leo ina mpango. Kesho yake aliivaa tena. Mama akamvua. Akaivaa. Siku ya nne sare ikafichwa, na siku hiyo alijigonga kichwa ukutani mpaka jirani akaja kuuliza. Baada ya hapo alianza kutoka nyumbani peke yake asubuhi na kutembea, akifuata baiskeli. Atakayeijua Tanga ataelewa. Huu ni mji wa baiskeli: wafanyakazi, wauza samaki, akina mama wa sokoni, wanafunzi, wote wako juu ya baiskeli, na kila baiskeli ina magurudumu mawili yanayozunguka.

Alipokuwa na miaka kumi, kuzungusha gurudumu la baiskeli ya mtu kulikuwa jambo la kucheka. Wenye baiskeli walimnyanyulia wenyewe. Kitendo ni kile kile, mikono ni ile ile, lakini mwili umekuwa wa mwanamume. Mtoto anayechukua andazi kibandani huambiwa na mama yake alipe. Mtu mzima anayefanya hivyo huitiwa mwizi. Hili ningependa kila mzazi mwenye mtoto wa miaka minane au kumi alisikie mapema kuliko nilivyolisikia mimi. Tabia tunayoiachia leo kwa kuwa haina madhara, tujiulize itasomwaje barabarani ikifanywa na mtu mwenye ndevu. Kumkumbatia kila mgeni. Kuingia nyumba za watu bila hodi. Kuvua shati jua likiwa kali, kisha suruali. Yote yanafundishika, ila kufundisha upya jambo lililokaa miaka kumi ni kazi kubwa.

Naungama nilichokuwa nikimfundisha akiwa na miaka 17: kupanga shanga nyekundu na shanga za kijani kwenye vikopo viwili. Alikuwa ameshaliweza zoezi hilo akiwa na miaka 11.

Wiki moja baada ya kipigo, familia iliketi. Baba yake, dereva wa lori, alikuwa safarini Tunduma na alisikiliza kwa simu iliyowekwa spika juu ya mkeka. Alikuwepo mama, bibi mzaa mama, mjomba mtu, shangazi wawili na dada wa kijana, binti wa kidato cha tatu ambaye hakuna aliyemwita lakini alikuja akakaa mlangoni. Kijana alikuwa uani.

Mjomba alitaka apelekwe shamba, Muheza. Kuna nyumba, kuna michungwa, hakuna watu wengi. Nataka nimtendee haki mjomba huyu, kwa sababu kwenye simulizi kama hizi yeye hugeuzwa mtu mbaya. Ndiye aliyelipa matibabu ya nyusi. Alimpenda mpwa wake na aliogopa kumzika. Nilimuuliza: akishafika huko, saa mbili asubuhi atafanya nini? Saa nane? Akanyamaza, kisha akasema, "Atakuwa salama." Mtu asiyekuwa na la kufanya tangu jua kuchomoza mpaka kuzama, tena mbali na mama yake na kila anachokijua, huyo hatakaa salama muda mrefu. Nimeona waliopelekwa shamba wakaishia kufungiwa chumbani, na aliyeanza kufunga mlango hakuwa mkatili; alikuwa bibi aliyezeeka na kushindwa kumkimbilia.

Shangazi mmoja alisema aozwe. "Apate wa kumwangalia." Limesemwa katika nyumba nyingi hilo, na sioni vema kulipita kimya. Kijana mwenye usonji anaweza kupenda na kuoa, wapo walio kwenye ndoa zao. Lakini huyu hajawahi kuonyesha kwamba anataka mke, na msichana atakayeletwa aje kuwa muuguzi asiye na mshahara atakuwa amedhulumiwa. Nilisema hivyo hivyo, na shangazi hakufurahi.

Mtu wa mwisho kuongea alikuwa bibi. Alisema tusimsumbue mtoto, kalamu haimwandikii. Alikuwa na maana ya ile hadithi ya Mtume kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na asiye na akili mpaka imrudie. Kwa bibi lilikuwa neno la huruma. Lakini kwa miaka mingi neno hilo ndani ya nyumba ile lilikuwa limepanuka kuliko hadithi yenyewe: hafungi saumu, haendi sokoni, haosheki mwenyewe, haulizwi. Kusamehewa dhambi kumegeuka kusamehewa maisha. Ustadhi wa madrasa yao, nilipokwenda kumtaka ushauri siku chache baadaye, hakutaka kutoa hukumu ya nani ana akili kiasi gani. Alisema tu kwamba kijana husimama safu ya nyuma, karibu na mlango, na hajawahi kukosea rakaa.

Kikao kile hakikuamua kitu. Walioamua ni mama na yule binti, usiku, wakiosha vyombo. Binti alimwambia mama yake: "Kwa nini tusimpeleke kwa wenye baiskeli, wamjue?"

Kabla ya kufika huko kulikuwa na kazi ya nyumbani, na sitairefusha ingawa ilichukua miezi. Mama alikuwa bado anamwogesha. Baba alipokuja likizo aliichukua kazi hiyo, kisha akajiondoa kidogo kidogo: wiki ya kwanza anammwagia maji, ya pili anasimama mlangoni, ya tatu yuko nje anahesabu kwa sauti makopo ya maji, kumi. Picha tano zilibandikwa ukutani ndani ya mfuko wa nailoni: ndoo, kopo, sabuni, dodoki, taulo. Kunyoa ndevu alifundishwa na baba kwa mashine, kwa kuwa wembe ni hatari. Mambo ya mwili wake alielezwa na baba pia, waziwazi na bila kutishwa: hili lafanywa chumbani, mlango umefungwa, na si mahali pengine. Wazazi wengi hulikwepa hili kwa aibu mpaka siku kijana anapolifanya kituo cha daladala. Na kwa kuwa alipata kifafa akiwa na miaka 16, jambo linalowapata baadhi ya vijana wenye usonji wakati wa kubaleghe, dawa yake ya asubuhi na jioni iliingizwa kwenye ratiba hiyo hiyo, kopo la kumi na moja.

Kitambulisho cha Taifa kilitushughulisha kuliko nilivyodhani. Mtu akitimiza miaka 18 bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana pa kupokelea hata shilingi kwa simu. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo, barua ya mtendaji ikapatikana. Tatizo lilikuwa mashine. Kijana havumilii mtu kumshika vidole, na alama za vidole hazichukuliwi kwa kusimuliwa. Binti ndiye aliyepata dawa: kifuniko cha kopo la biskuti. Kila jioni baada ya kula walicheza mchezo wa kubandika vidole vinne pamoja juu ya kifuniko, kuhesabu mpaka tano, kutoa. Kisha dole gumba. Wiki mbili. Siku yenyewe nilimwomba ofisa aturuhusu tuwe wa kwanza kabla foleni haijajaa na asimshike mkono, bali amwonyeshe kwa mkono wake mwenyewe. Alikubali. Kijana alibandika vidole, akahesabu mpaka tano kwa sauti, akatoa. Yule ofisa akasema laiti wote wangekuwa hivi.

Mama aliniuliza kama sasa anaweza kumsainia mwanawe kila kitu. Hapa wazazi wengi hushtuka. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Siku hiyo ikipita, mamlaka ya mzazi hayaendelei tu kwa sababu kijana ana usonji. Mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika ibara ya 12 kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria, na kinachotakiwa ni kumsaidia aamue. Nilimweleza mama kwa mfano wa nguo. Aache kumvalisha. Aweke mashati mawili kitandani, aondoke. Alifanya hivyo, na akagundua baada ya miaka 18 kwamba mwanawe hapendi shati lenye kola.

Sasa karakana.

Niliizungukia Ngamiani, barabara moja baada ya nyingine, nikitafuta fundi baiskeli asiye na haraka. Nilikataliwa na watatu, kwa adabu. Wa nne ni mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini, ana benchi moja, sanduku la spana, na fremu tatu za Phoenix zilizoning'inizwa ukutani. Mama alikwenda naye mwenyewe. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye waliyempiga?" Alikuwa amesikia. Mji mdogo.

Mzee hakuuliza ugonjwa gani. Aliuliza anapenda nini. Mama akasema, anapenda ringi ikizunguka. Mzee akageuza baiskeli iliyokuwa mbele yake, usukani chini, akazungusha gurudumu na kukaa pembeni akamtazama kijana anavyotazama.

Nilikuwepo, na ninachokumbuka ni hiki. Ile ringi ilikuwa imepinda kidogo. Ikizunguka, mahali pamoja ilikuwa inayumba kuelekea kushoto, kidogo sana, mimi sikuona. Kijana kila ilipofika pale alikuwa anapepesa macho. Mzee naye alikuwa anaona. Akachukua kipande cha chaki, akakishika karibu na ringi huku inazunguka, chaki ikachora mstari mfupi mweupe pale pale penye kilema. Kijana akacheka. Mzee akachukua spana ya spoki, akakaza robo mzunguko upande wa kulia, akalegeza kidogo wa kushoto, akazungusha tena. Mstari ukawa mfupi zaidi. Akampa kijana ile chaki.

Nisieleweke vibaya. Ukisoma haya unaweza kudhani kila mwenye usonji ana kipaji kilichofichika kinachosubiri fundi. Hapana. Nimefundisha wengi ambao hawana jambo moja la namna hii, na wao pia wanastahili asubuhi yenye maana. Huyu naye si fundi wa ajabu. Ana jicho la kuona kuyumba, na ana subira isiyo na mwisho kwa kitu kinachozunguka. Kila kilichobaki kilipaswa kujengwa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu. Alikuwa anazungusha bila kuacha, wateja wanasubiri. Alilegeza spoki zote za gurudumu moja, 36, kwa mpangilio mzuri kabisa. Adhana ya adhuhuri ilipotoka kwenye spika ya msikiti ulio karibu alikimbia na spana mkononi. Tulianza upya na saa moja tu kwa siku, kuanzia saa mbili mpaka saa tatu, mimi nikiwa benchi, baadaye dada yake siku asizokwenda shule, baadaye hakuna. Kikawekwa kikopo chenye chaki. Chaki ikitoka kwenye kikopo kazi imeanza. Ikirudi kazi imekwisha. Zile picha za katuni nilizotumia darasani tulizitupa. Binti alipiga picha za vitu vyenyewe kwa simu, zikasafishwa studio saizi ya pasipoti: ovaroli, mwarobaini, kikopo, sahani ya chakula, mlango wa nyumbani. Na mzee alionyeshwa la kufanya kifafa kikimpata: mlaze ubavu, ondoa spana karibu naye, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa, zikipita dakika tano, pakieni twendeni hospitali.

Ovaroli ile inahitaji aya yake. Mjomba, aliyekuwa amerudi upande wetu, alipendekeza kijana avae fulana iliyoandikwa MGONJWA mgongoni ili watu wasimpige tena. Mama akakataa mpaka sauti ikamkatika. Tukamtengenezea kadi ndogo ya shingoni yenye jina na namba ya simu ya mama, akaikata kamba siku ya pili kwa sababu inamwasha. Kisha mzee akamletea ovaroli ya bluu, kuukuu, yenye grisi magotini. Kijana aliivaa siku hiyo hiyo, na kesho yake aliamka akaivaa mwenyewe. Mama alinipigia simu. "Mwalimu, amepata sare."

Na sare hiyo imefanya kazi ambayo kadi haikuifanya. Mtu mwenye ovaroli ya grisi akichuchumaa mbele ya baiskeli yako na kulizungusha gurudumu, huulizi kama ni mwizi. Unauliza lina tatizo gani. Kijana hajaacha kuzungusha magurudumu ya watu barabarani, ingawa amepunguza. Kinachotofautiana ni kwamba Ngamiani sasa wana jina la kumwita: fundi ringi.

Hapo nimefikia jambo ambalo kisa hiki kimenifundisha, nami nalisema kila ninapokutana na walimu wenzangu wa vitengo. Tulikuwa tukitafuta mahali pa kumweka. Tuliuliza kuna kituo gani, chuo gani, shamba gani. Vyuo vya ufundi vya watu wenye ulemavu vipo, kama kile cha Yombo kule Dar es Salaam, na kwa kijana mwingine hiyo ingekuwa njia. Lakini swali la kwanza lilipaswa kuwa nani anamjua na nani atamjua, na lilipaswa kuulizwa akiwa na miaka 13 au 14, nikiwa bado nina muda wa kumtoa darasani mara moja kwa wiki na kumpeleka chini ya mwarobaini. Ningefanya hivyo, mwenye baiskeli wa Jumanne ile angemkuta mtu anayemfahamu.

Sheria inasaidia, ila haifiki kila mahali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Mzee ana wafanyakazi wawili, naye akiwemo. Kazi nyingi za nchi hii ziko chini ya miti kama ule, na huko hakuna sheria inayokwenda; anakwenda jirani. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Mama alitaka kuchukua ili amfungulie mwanawe karakana. Nilimshauri asubiri. Mkopo ni deni, na aliyekuwa tayari kwa biashara wakati ule ni mama peke yake.

Wakati huo nilikuwa naifikiria sana habari ya Donald Triplett, mtoto wa kwanza kuandikwa katika taarifa ya Leo Kanner ya mwaka 1943 iliyowaeleza watoto 11 na kuutambulisha usonji katika utabibu. Alikulia mji mdogo wa Forest, Mississippi, Marekani. Alifanya kazi benki miaka mingi, akacheza gofu, akaendesha gari, akafa mwaka 2023 akiwa na miaka 89, katika mji ule ule uliomjua. Familia yake ilikuwa na uwezo na ilikuwa na mkono katika benki ile, kwa hiyo sitasema upendo wa majirani peke yake ulitosha. Lakini aliishi katikati ya watu waliomzoea, na hilo halihitaji benki.

Malipo ya kijana yalianza mwezi wa nne wa kazi. Mzee alitaka kumpa mama fedha. Mama akamwomba ampe kijana mkononi. Hasomi tarakimu za fedha vizuri, lakini rangi anazijua. Noti ya bluu, elfu moja, ni juisi ya miwa na andazi, na chenji. Jioni ya kwanza alikwenda nayo kwenye kibanda cha jirani akiwa na dada yake hatua kumi nyuma. Aliweka noti mezani, akanyoosha kidole. Muuzaji akamuuliza, "Unataka hii?" "Unataka hii," akajibu. Muuzaji akamkatia miwa.

Ramadhani ilitubomolea karibu kila kitu. Saa zilibadilika, karakana ikafunguliwa mchana, chakula hakuna, na yeye, kwa ajili ya dawa ya kifafa, daktari alishauri asifunge. Picha ya sahani ikawa haina maana. Siku sita alirudi kwenye kujigonga ukutani. Tulipaswa kuandaa picha za mwezi huo mapema, na mwaka uliofuata tuliandaa, kuanzia Shaabani. Masika nayo ikija, mwarobaini unavuja na kazi hakuna. Siku hizo anasafisha gololi kwenye sinia nyumbani, kwa mafuta ya taa na kitambaa, dada yake akiwa karibu.

Lipo ambalo halijapata jibu. Mama huliuliza kwa maneno mawili tu, "nikifa je," na hulitamka akiwa amegeukia pembeni, akikanda unga wa maandazi anayouza alfajiri. Tumeandika kwenye daftari moja yote yanayomhusu: dawa na saa zake, sauti zinazomtisha, namna ya kumwogesha kwa kuhesabu, maana ya maneno yake ("usiguse" ni "naogopa", "kwaheri mwalimu" ni "nimechoka"). Daftari liko kabatini na mjomba ana nakala. Binti anasema atamchukua kaka yake. Ana miaka 17. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba ana haki ya kwenda kusoma mbali, na kwamba kumpenda kaka si kutoa maisha yake yote. Mama alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema ni kweli, kisha akalia. Baba na mjomba wamekubaliana nani atakaa naye lini, kwa maneno, bado si kwa maandishi. Mzee fundi naye anazeeka, na kifua kinamsumbua.

Nilipita pale Alhamisi iliyopita. Kijana alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, ovaroli imekunjwa mikononi, uso umekaribia spoki. Mteja mgeni, mwanamume mwenye kikapu cha samaki, alisimama juu yake na kumuuliza, "Umemaliza?"

"Umemaliza," kijana akajibu.

Yule bwana akainama kuchukua baiskeli yake. Mzee, bila kunyanyuka kwenye benchi, akamwambia, "Usimsikilize mdomo. Tazama chaki." Chaki ilikuwa bado mkononi. Mteja akaitazama, akaweka kikapu chini kivulini, akaketi kungoja.